Njia ya Wafua Nguo

Katika mji wa Reykjavík, ulio mkuu wa nchi ya Iceland, iko barabara moja mashuhuri iitwayo Laugavegur. Siku hizi barabara hiyo ina maduka ya nguo na vitabu, mikahawa na hoteli, na mgeni aipitaye aweza kudhani kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya biashara. Sivyo. Jina lake lina maana ya njia iendayo kwenye chemchemi, na ujenzi wake ulianzishwa katika mwaka wa 1885 kwa ajili ya watu ambao vitabu vya historia aghalabu havina nafasi yao, nao ni wanawake wafua nguo.

Iceland ni kisiwa kikubwa katika bahari ya Atlantiki, upande wa kaskazini kabisa, jirani na Duara la Aktiki. Mwezi wa Desemba jua huonekana Reykjavík kwa muda wa saa nne hivi kwa siku, tena chini chini, kama mtu achunguliaye dirishani kisha akaondoka. Katika giza hilo na theluji hiyo walipita wanawake wale, wengine watumishi wa majumba ya watu wenye mali, wengine wafuliao wenzao kwa ujira mdogo. Walibeba mgongoni nguo, sabuni, ndoo na vibao vya kufulia. Mwendo ulikuwa wa kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Na nguo zilizolowa maji ni nzito kuliko nguo kavu, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kutumwa mtoni.

Walikokwenda maji yalichemka yenyewe usiku na mchana, bila kuni wala jiko. Kwa upande mmoja ilikuwa neema. Kwa upande mwingine ilikuwa hatari, maana ukingo wa chemchemi uliteleza, na wako walioanguka ndani wakachomeka hata wakafa. Baadaye viliwekwa vyuma vya kinga juu ya maji yale.

Sasa, msomaji, litazame jambo hili kwa makini. Wanawake hawa waliacha nyuma yao mji wenye baridi kali. Majumba ya mji huo yalipashwa moto kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza, au kwa mabonge ya udongo wa kinamasi yaliyokatwa na kukaushwa. Moshi mweusi ulitanda juu ya mapaa. Jina la Reykjavík maana yake ni ghuba ya moshi, na yasemekana kwamba wahamiaji wa kwanza kutoka Norwe, waliofika katika karne ya tisa, waliupa mahali pale jina hilo kwa sababu ya mvuke waliouona ukipaa kutoka ardhini. Moshi wa kwanza basi haukuwa moshi, bali mvuke safi. Moshi wa kweli uliletwa baadaye na watu, nao waliununua kwa fedha, ilhali moto wa bure ulichemka kilomita tatu kutoka mlangoni mwao. Hali hiyo ilidumu kwa miaka mingi.

Je, watu hao walikuwa wapumbavu? La hasha. Makaa ya mawe yana sifa moja ambayo maji ya moto hayana: mtu aweza kuyanunua gunia moja moja. Mwenye fedha nyingi hununua mengi, mwenye fedha chache hununua machache, na hakuna haja ya jirani kushauriana na jirani. Maji ya moto hayachukuliki kwa gunia. Yataka bomba, na bomba la kilomita tatu halijengwi na mtu mmoja kwa nyumba moja, kwa maana gharama yake ingeimaliza mali yake yote. Kwa hiyo kisa cha joto la Iceland si kisa cha uvumbuzi wa mtambo fulani. Ni kisa cha majirani, kisha miji, kisha wilaya nzima, walivyojifunza kupanga jambo moja pamoja.

Yafaa kwanza nieleze joto lenyewe latoka wapi. Kisiwa kile kimekaa juu ya ufa mkubwa wa dunia, mahali ambapo mapande mawili ya gamba la dunia yanaachana polepole. Katika ufa huo mawe yaliyoyeyuka yapo karibu na uso wa nchi kuliko kwingineko. Maji ya mvua na ya theluji huzama chini, hukutana na mawe ya moto, kisha hupanda tena kama chemchemi au mvuke. Sisi tuliolelewa katika nchi ya Bonde la Ufa hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni.

Mtu wa kwanza kulileta joto nyumbani kwake kwa bomba hakuwa mhandisi wa serikali. Alikuwa mkulima, jina lake Stefán B. Jónsson, naye alikaa Suður-Reykir, nje ya mji. Katika mwaka wa 1908 alivuta maji kutoka chemchemi iliyokuwa shambani na kuyapitisha ndani ya nyumba yake. Nyumba ikapata joto majira yote ya baridi pasipo kipande cha makaa. Wakulima wengine wachache wenye chemchemi karibu walimfuata. Lakini mfano wa mkulima haukuweza kuufaa mji, maana mkulima alikuwa na chemchemi yake, na mji haukuwa nayo uani.

Vita Vikuu vya kwanza ndivyo vilivyoanza kuwaamsha watu. Meli za makaa zilipungua, bei ikapanda sana, na kama kwamba hayo hayakutosha, majira ya baridi ya mwaka wa 1918 yalikuwa makali kupita kiasi, hata watu wa Iceland wameyapa jina lao katika historia na kuyaita majira ya baridi kuu. Mji mzima ulitambua kwamba uhai wake ulikuwa mikononi mwa manahodha na wachimbaji wa makaa wa nchi ya mbali.

Hapa pana jambo dogo ambalo hunichekesha kila nilikumbukapo. Mapema katika karne ya ishirini palitokea uvumi kwamba ardhi ya Reykjavík ina dhahabu. Kampuni ikaundwa, na mtambo wa kutobolea ukaletwa kwa meli. Dhahabu ya kufaa biashara haikupatikana, na mtambo ukabaki bila kazi. Ndipo idara ya umeme ya mji ikaununua, na katika mwaka wa 1928 ukapelekwa kule kwenye chemchemi za wafua nguo ukaanza kutoboa upya. Safari hii ulifaulu: lita 14 za maji kila sekunde, yenye joto la digrii 87. Mtambo ulioletwa kutafuta utajiri wa wachache uliupata utajiri wa wengi, ingawa si ule uliotarajiwa.

Bomba la kilomita tatu likalazwa kufuata karibu njia ile ile ya wanawake, ila sasa maji ndiyo yaliyokwenda mjini. Katika mwaka wa 1930 yalifika. Nyumba ya kwanza kuyapokea haikuwa ya gavana wala ya tajiri, bali shule kubwa ya watoto, iitwayo Austurbæjarskóli. Ikafuata hospitali ya taifa, na bwawa la kuogelea, na nyumba za watu kiasi cha 70. Ndani ya kila chumba palitundikwa ukutani vyuma vipana vilivyo wazi ndani. Maji ya moto yalipita humo, yakaacha joto lake chumbani, yakaondoka. Hapakuwa na moto wa kuchochewa wala majivu ya kuzolewa.

Nyumba 70 ni chache katika mji mzima, na chemchemi ile haikuwa na maji zaidi ya hayo. Ilikuwa lazima kutafuta mbali. Katika mambo haya lazima tumtaje Jón Þorláksson, mhandisi aliyekuwa waziri mkuu wa nchi katika mwaka wa 1926 na 1927, kisha akawa meya wa mji. Katika mwaka wa 1933 mji ulijipatia haki ya maji ya moto ya Reykir, yapata kilomita 15 kutoka mjini, jirani na pale alipokaa yule mkulima. Meya alitaka mji mzima upashwe joto kutoka huko, kila nyumba, ya mwenye mali na ya fukara, kwa mpango mmoja. Alikufa mwaka wa 1935 kabla ya kuona hata bomba moja la mradi huo likilazwa.

Mradi wenyewe ulianza mwaka wa 1939, nao ulikabidhiwa kwa wajenzi wa Denmark. Msomaji anayekumbuka tarehe za vita vya pili ataona mara moja balaa iliyokuwa njiani. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark na kuitwaa kwa siku moja, na vifaa vilivyonunuliwa vikakwama huko Copenhagen. Mwezi uliofuata Waingereza wakashuka Reykjavík na kuishika Iceland yenyewe, ili Wajerumani wasiwatangulie. Kazi ikasimama. Ilibidi mabomba yaagizwe upya kutoka Marekani, yavuke bahari iliyojaa nyambizi za adui. Hatimaye, tarehe 30 Novemba 1943, maji ya Reykir yaliingia katika nyumba ya kwanza, nayo ilikuwa makumbusho ya mchongaji sanamu Einar Jónsson, iliyoko kilimani. Ilipofika mwisho wa mwaka wa 1945 nyumba 2,850 zilikuwa zimeunganishwa, katika mji wa watu 44,000 na kitu. Picha za kabla ya vita zaonyesha mji uliofunikwa na wingu jeusi. Picha za baadaye zaonyesha milima ng'ambo ya ghuba. Juu ya kilima cha Öskjuhlíð yalijengwa matangi makubwa ya kuhifadhia maji hayo.

Laiti kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi ya mji mmoja wenye bahati. Lakini nje ya mji mkuu mambo yalikuwa mengine. Baada ya vita mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, na kila nyumba iliweza kuwa na tangi lake na jiko lake, bila kushauriana na mtu. Ilikuwa ni ile sifa ya makaa iliyorudi kwa sura nyingine. Hata ilipofika mwaka wa 1970, yapata nusu ya watu wa nchi hii yenye moto chini ya miguu yao walikuwa wakipata joto kwa mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo.

Mwaka wa 1973 ulileta mapigo mawili. La kwanza lilitoka chini ya ardhi. Usiku wa tarehe 23 Januari nchi ilipasuka katika kisiwa kidogo cha Heimaey, na moto ukaruka juu pembeni mwa mji wa wavuvi wapatao 5,000. Kwa rehema ya Mungu dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezizuia mashua zote bandarini, na watu wakavushwa usiku ule ule. Mlima uliwaka hadi mapema mwezi wa Julai, ukameza mamia ya nyumba. Wenyewe walirudi. Na waliporudi walifanya jambo ambalo sijapata kusikia mfano wake: walipitisha mabomba katika lava iliyokuwa bado ina moto, wakauchukua moto ulioziteketeza nyumba za zamani ili uzipashe joto nyumba mpya. Lava ile iliupa mji joto kwa zaidi ya miaka kumi, hata ikapoa.

Pigo la pili lilitoka Mashariki ya Kati. Vita vya mwezi wa Oktoba vilipandisha bei ya mafuta duniani kote, na watu waliokuwa na matangi nyuma ya nyumba waliona mishahara yao ikiishia humo. Serikali ya Iceland ikaazimia kuyaondoa mafuta majumbani. Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi huliona kuwa kiini cha historia hii yote, ingawa halina moto wala dhoruba, na ni kazi ya makarani tu.

Kutoboa ardhi ni kama kubahatisha. Kisima kimoja hutoa maji, cha pili hutoa vumbi, na vyote viwili hugharimu fedha sawasawa. Kijiji cha watu 800 kikitoboa mara moja kikakosa, kimefilisika, na hakithubutu tena. Basi palikuwapo Mfuko wa Kawi wa taifa, ulioundwa mwaka wa 1967. Mfuko huo ulikopesha vijiji fedha za kutoboa kwa sharti hili: maji yakipatikana, mkopo hulipwa, yasipopatikana, deni hufutwa. Kwa njia hiyo hasara ya kisima kikavu ilibebwa na nchi nzima, na faida ya kisima chenye maji ilirudi kusaidia cha jirani. Wataalamu walitumwa kupima wilaya moja baada ya nyingine, na kuamua ni miji ipi ipate maji kutoka chemchemi ipi, na ipi, kwa kukosa joto la karibu, itumie umeme wa maporomoko ya maji.

Rasi iliyo kusini magharibi mwa nchi yatupa mfano mzuri. Kijiji cha wavuvi cha Grindavík kilitoboa mahali paitwapo Svartsengi mapema katika miaka ya 1970. Joto lilipatikana, tena jingi, zaidi ya digrii 200. Lakini maji yalikuwa na chumvi, sehemu kubwa ni ya bahari, na yangeyala mabomba na kuyaziba. Njia pekee ilikuwa kuyachukua maji baridi yasiyo na chumvi, kuyapasha kwa mvuke wa kisima, kisha kuyapeleka majumbani. Mtambo wa namna hiyo ulikuwa mkubwa mno kwa Grindavík. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka wa 1974 halmashauri saba za rasi hiyo ziliungana na serikali katika shirika moja, na miaka miwili baadaye nyumba zikaanza kupata joto. Halmashauri hizo zilikuwa na ushindani wa uvuvi na wa bandari kama ilivyo desturi ya majirani. Walakini bomba liliwapatanisha. Maji ya chumvi yaliyomwagwa nje ya mtambo yalifanya dimbwi la rangi ya samawati juu ya mawe meusi. Watu wakaanza kuoga humo, na siku hizi watalii hulipa fedha nyingi kuingia katika maji ambayo wahandisi walikuwa wameyatupa.

Mfano mwingine ni mji wa Akranes. Huko hapakupatikana joto la kutosha karibu, na maji yalivutwa kutoka chemchemi ya Deildartunguhver, iliyo kubwa kuliko zote nchini: lita 180 kila sekunde, ya digrii 97. Bomba lake lina urefu wa kilomita 64. Chemchemi ilikuwa katika shamba la watu, na ilibidi Bunge litunge sheria ya kuitwaa kwa manufaa ya wilaya. Tena, ili kupunguza gharama, mabomba yalifanywa kwa asbesto, nayo yamekuwa yakipasuka mara kwa mara. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ubahili wa kujuta. Hata hivyo maji yalifika mapema katika miaka ya 1980, na mashina ya moshi yakazimwa.

Wala mji mkuu haukulala. Katika mwaka wa 1964, wakati ambapo mafuta yalikuwa bado rahisi na hapakuwa na aliyekuwa akilalamika, ulinunua ardhi ya Nesjavellir, ng'ambo ya milima. Maji ya huko hayakufika mjini hadi mwaka wa 1990, yaani baada ya miaka 26. Madiwani walioidhinisha fedha walijua kwamba wengi wao hawatakuwa madarakani siku ya bomba kufunguliwa. Bomba hilo lina kilomita 27, nalo limefunikwa vizuri hata maji hupoteza digrii mbili tu hivi njiani. Na kufika kwake kuliponya dosari nyingine. Kwa miaka mingi visima vya zamani vilikuwa vimechotwa kwa pupa, na kimo cha maji chini ya ardhi kilikuwa kikishuka mwaka hata mwaka. Vilipopumzishwa, maji yakapanda tena. Watu husema kwamba joto la ardhini ni kawi isiyokwisha. Ni kweli kwa yule achotaye kwa kipimo.

Leo karibu nyumba tisa katika kila kumi nchini Iceland zapata joto kutoka ardhini. Maji yakiisha kuzipasha nyumba, mengine hupitishwa chini ya njia za waendao kwa miguu mjini Reykjavík, yayeyushe theluji, wazee wasiteleze.

Lakini jambo lililopangwa pamoja huvunjika pia kwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 ardhi karibu na Svartsengi ilianza kupasuka, watu wa Grindavík wakahamishwa, na kuta za udongo zikajengwa kwa haraka kuukinga mtambo. Asubuhi ya tarehe 8 Februari 2024 lava ilivuka barabara na kulikata bomba kuu. Zaidi ya watu 20,000 wakakosa joto siku moja, katika baridi ya kuganda. Waliambiwa wasiwashe majiko ya umeme mengi kwa pamoja, kwa maana nyaya zisingestahimili. Na kila nyumba ikajinyima ili nyumba ya pili isizimikiwe. Bomba la akiba lililokuwa limezikwa chini nalo likashindwa. Mafundi wakalaza jingine juu ya lava yenyewe, ikiwa bado na moto, na baada ya siku chache joto likarudi. Yule aliyekuwa na tangi lake la mafuta miaka ya 1960 asingalipatwa na mkasa huo. Hoja hiyo ni ya kweli, na mpangaji wa wilaya hana budi kuijibu kwa bomba la pili na njia ya pili, si kwa maneno.

Ufundi huu haukubaki Iceland peke yake. Tangu mwaka wa 1979 kumekuwa na chuo mjini Reykjavík, kilichoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ambacho hufundisha vijana wa nchi nyingine kwa miezi sita kila mwaka jinsi ya kutafuta na kutumia joto la ardhini. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi wengi kabisa. Si ajabu, maana sisi nasi tulianza zamani. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vilitobolewa kuanzia mwaka wa 1956, na havikufaulu. Baadaye kazi ilirudiwa, na katika mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme.

Lakini sisi tumeutafuta mvuke kwa ajili ya umeme, na joto lenyewe tumelifikiria kwa nadra. Ipo mifano michache. Tangu mwaka wa 2003 shamba moja kubwa la maua kando ya ziwa Naivasha limetumia kisima cha Olkaria kupasha joto hekta 50 za nyumba za plastiki za kukuzia waridi. Usiku joto hilo huikausha hewa, na ukungu unaoharibu maua haupati nafasi. Menengai, juu ya Nakuru, wameonyesha kwa mitambo midogo jinsi ya kuchemsha maziwa na kufua nguo kwa maji ya kisima. Hata ubaridi waweza kutokana na moto: wazee wanalikumbuka jokofu la mafuta ya taa, ambalo mwali mdogo chini yake uligandisha barafu juu yake, na kule Chena katika Alaska, jumba la barafu limehifadhiwa tangu mwaka wa 2005 lisiyeyuke wakati wa kiangazi, kwa mtambo uendeshwao na maji ya chemchemi ya moto. Mkulima wa Bonde la Ufa ambaye maziwa yake huchacha kabla ya lori kufika angeweza kupozewa maziwa yake kwa njia hiyo hiyo. Wakati huu viwanda vingi vya majani ya chai vingali vikichoma kuni.

Katika mwaka wa 2019 Sheria ya Kawi ilizitaka kaunti zote zitengeneze kila moja mpango wake wa kawi. Sheria imeandikwa, kuna kazi ya makarani ya kufanywa, ile isiyo na moto wala dhoruba: kupima, kuchora ramani, kuhesabu nani yuko karibu na joto gani, na kuamua nani atabeba hasara ya kisima kikavu.

Huko Eburru, juu ya Gilgil, pareto ilikaushwa kwa mvuke tangu enzi za walowezi. Maji ya mito ni haba mlimani pale. Kwa hiyo wenyeji hutega mabomba juu ya matundu ya mvuke, mvuke ukapoa ndani yake na kuwa maji ya kunywa. Alfajiri, ukungu ungali chini na baridi ya mlimani ikiuma vidole, utawakuta wanawake wamefika na mitungi yao ya plastiki, wameipanga foleni chini ya bomba, nao wanangoja, tone baada ya tone.